Chapati ya Kwanza

Hansa alikuja Bariadi mwezi wa saba mwaka jana, pamba ikiwa inauzwa, akiwa na fimbo, begi moja la magurudumu na swali moja. Alishuka kwenye bajaji mbele ya nyumba yangu, akanitazama kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili cha Mwanza ya zamani kwamba bila shaka mimi ndiye Minza aliyempikia baba yake mkubwa. Yeye ana miaka sabini na moja, mimi sitini na nne. Nilimwingiza ndani, nikampa maji ya kunywa na ya kunawa, nikamwambia tule kwanza. Kwetu mgeni haulizwi neno kabla hajala, na siku hiyo desturi hiyo ilinifaa kuliko siku nyingine yoyote, maana swali lake nililijua, na jibu lake nilikuwa nimekaa nalo miaka zaidi ya arobaini. Hakungoja. Akiwa na tonge mkononi aliniomba nimwonyeshe mahali walipomchoma.

Baba yake mkubwa alikuwa Mzee Ratilal, Mhindu, au Baniani kama tulivyosema wakati ule. Kwa dini yao mtu akifa huchomwa kwa kuni na samli mpaka awe jivu, na jivu hutiwa majini. Hansa alikuwa ametoka Uingereza, ndege mbili na basi moja, ili asimame mahali pa moto huo. Moto wenyewe haukuwahi kuwashwa. Nilimwambia amalize kula, mambo mengine yapo.

Nilianza kazi kwa Mzee Ratilal nikiwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Mkula. Ya Mkula nayaacha, hayana tofauti na ya nyumba nyingine yoyote ya wakulima. Bariadi ya siku hizo haikuwa makao ya mkoa. Ilikuwa barabara ya vumbi, maduka, posta, na kiwanda cha kuchambua pamba ambacho Mzee Ratilal alikuwa fundi wake wa mashine mpaka mgongo ulipomkatalia. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka alilokwisha kulifunga. Unaingia kwanza kwenye duka lenyewe, rafu tupu, mizani imefunikwa kwa gunia. Kisha chumba chake, kitanda cha kamba, sanduku la bati, na picha ya mkewe yenye shada la maua ya plastiki ambalo nilipaswa kulifuta vumbi kila Alhamisi. Kisha jiko, na nyuma ya jiko stoo iliyojaa kuni mpaka karibu na dari. Zilikuwa magogo ya mgunga na mkwaju, yamekatwa kwa urefu mmoja na kupangwa vizuri kuliko vitu vyote vya nyumba ile. Alinionyesha siku ya kwanza akasema kuni hizo zina kazi yake. Mimi nilidhani anangoja sikukuu yao fulani.

Kupika alinifundisha akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, fimbo mkononi, akiielekeza kwenye sufuria. Chumvi kidogo, manjano kidogo, bizari kidogo. Kila kitu kwake kilikuwa kidogo isipokuwa samli. Chakula chake cha kila siku kilikuwa mchele na choroko zilizopikwa pamoja mpaka zikalainika, kwa sababu meno yalikuwa yamekwisha, na pembeni maziwa mgando. Nyama haikuingia katika nyumba ile, wala samaki, wala yai. Nilivumilia wiki mbili, kisha nikamuuliza mke wa jirani ni ugonjwa gani unaomkataza mzee wa watu kula nyama. Katika nchi ya ng'ombe, mwanamume asiyekula nyama ama ni mgonjwa ama ana jambo. Yule mama alicheka akaniambia Baniani mbaya, kiatu chake dawa, nile mshahara wangu ninyamaze. Nilinyamaza, na siku za soko nilijipitisha kwenye vibanda vya nyama choma kabla ya kurudi nyumbani, nikanawa mikono mara tatu.

Jambo lililonishinda zaidi lilikuwa la chapati. Kila asubuhi nilipika chapati sita, na ya kwanza kutoka kwenye chuma haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya Moti. Moti alikuwa maksai, mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji, na alishazeeka kiasi kwamba alikuwa hajafungwa jembe kwa miaka mingi. Mzee Ratilal zamani alikuwa na jike mmoja wa maziwa, akamweka katika zizi la jirani yake Mzee Masunga, na jike yule akazaa ukoo mzima. Mzee hakuuza hata mmoja kwa mchinjaji. Wakizeeka waliachwa wazeeke. Kundi la Masunga lilipotoka zizini asubuhi lilipita uani kwetu, na Moti alikata kona peke yake akaja kusimama mlangoni mwa jiko kama mteja. Mzee alimlisha chapati kwa mkono wake, akimsemesha kwa lugha yao. Masunga alimwita Moti mstaafu, akasema serikali imlipe pensheni. Siku ya kwanza nilitamani ile chapati mpaka machozi yakanilengalenga, na sijui kama niliwahi kumsamehe yule maksai kikamilifu.

Masunga alikuja karibu kila alasiri. Waliketi barazani wakacheza bao, wazee wawili, mmoja mkubwa wa mwili na mmoja mdogo, nami nikichambua choroko ndani nilisikia yote. Masunga aliongea Kiswahili kama anavuta gogo, Kisukuma kikimponyoka kila hatua, na Mzee Ratilal alikijua Kisukuma cha kununulia pamba na cha kutaniana. Waliongea habari za magoti, bei ya pamba, wake. Siku moja Masunga aliuliza watu wa Lati, ndivyo alivyomwita, wamekwenda wapi wote. Mzee akataja mmoja mmoja, huyu Mwanza, huyu Nairobi, hawa Uingereza. Masunga akauliza na yeye je. Mzee akasogeza kete akasema yeye amebaki kufunga mlango. Ilikuwa kweli. Mwanza alikuwa na mdogo wake, mwenye duka la vitambaa, naye ndiye baba yake Hansa. Mzee alimwandikia barua kila mwezi akaniagiza nizipeleke posta. Majibu yalikuja mawili mwaka mzima, na yote mawili niliyakuta yamekunjwa chini ya mto wake.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Tulikuwa tunapikia miti mikavu ya pamba, ile inayong'olewa shambani baada ya kuvuna, na yote ilikuwa imelowa. Nilijaribu siku mbili, jiko likajaa moshi na mzee akakohoa mpaka akashika ukuta. Siku ya tatu nilifungua stoo nikatoa gogo moja la mkwaju. Liliwaka bila kelele wala moshi. Kesho yake nilitoa jingine. Kuni nzuri ni kama sukari, ukishaonja huwezi kurudi nyuma, na mimi nilikuwa nikichukua za nyuma kabisa, upande usioonekana ukisimama mlangoni. Mvua ilipokatika, ukuta wa mbele wa kuni ulikuwa umesimama palepale, na nyuma yake hapakuwa na kitu.

Siku moja aliingia stoo kutafuta bisibisi. Nilikuwa jikoni. Alirudi polepole, akaketi kwenye kigoda, akaniomba chakula, akala sahani nzima jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi. Kisha akaniuliza chakula kile kimepikwa kwa kuni zipi. Nikamwambia.

“Zile zilikuwa zangu,” akasema.

“Zote ni zako, Mzee.”

“Hapana, Minza. Zile zilikuwa za kunichoma.”

Alieleza kwa sauti ileile aliyonifundishia manjano. Mkewe alichomwa Mwanza, na yeye alitaka aende kwa njia hiyohiyo. Bariadi miti ni shida, na ndugu zake wakija wasije wakapata kisingizio cha kuni. Alikuwa amezikusanya miaka sita, gogo kwa gogo. Nilikuwa nimepikia choroko kuni za miaka minne kati ya hiyo. Nililia, nikapiga magoti, na yeye akaniambia ninyanyuke, sakafu ina maji. Alisema angalau amekula vizuri, lakini zilizobaki niziache. Siku yake ikifika niende posta nipige simu kwa mdogo wake, nisikubali wamfukie ardhini, na kabla ya hapo nisimwambie mtu yeyote, hata Masunga. Hata Masunga, alirudia. Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Miaka ile haikuwa mizuri kwa wazee katika nchi yetu. Bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa samadi tu aliweza kuamka na nyumba yake inawaka. Moto juu ya mwili wa mzee ulikuwa na maana moja kwetu, uchawi, na Mzee Ratilal, aliyeishi na sisi muda mrefu kuliko alivyoishi na watu wake, aliijua maana hiyo vizuri. Alimwogopea rafiki yake, na pia alimwogopa. Hilo ndilo ninaloliona sasa nikiwaza juu ya uzee wa mgeni. Anaweza kujua lugha yenu, deni la kila mtu na jina la kila ng'ombe, na bado neno moja lililo muhimu kuliko yote asipate wa kumwambia isipokuwa mpishi.

Kuanzia hapo kila Jumapili nilitembea mpaka vichakani nikarudi na mzigo wa kuni kichwani. Zilikuwa vijiti. Mzee alivitazama akasema vitatosha kuchemshia chai ya waombolezaji.

Alikufa asubuhi, baada ya mavuno, akiwa amekaa kwenye kigoda chake. Nilikuwa nimempa kisogo, nikisukuma chapati, na kilichonigeuza ni Moti. Kundi lilikuwa limepita zamani, na yeye alikuwa amesimama mlangoni, shingo ndani, anangoja. Chapati ya kwanza ilikuwa mkononi mwa mzee na mkono ulikuwa umeshuka.

Nilikimbia posta. Walinipigia Mwanza, nikaongea na mwanamume aliyesema yeye ndiye mdogo wake. Aliuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akasema watakuja. Tuliweka maiti kwenye chumba chake, tukafukiza ubani, tukangoja siku ile na ya pili. Siku ya pili mchana nilirudi posta, simu ikaita bila kupokelewa. Ilikuwa joto. Jioni Mzee Masunga aliwakusanya wazee uani kwetu, akaniita. Alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha. Akaniuliza mbele yao, akiniita mama kwa Kisukuma.

“Mayu, wewe ulikuwa naye ndani. Lati aliacha neno lolote juu ya mwili wake?”

Wazee saba walikuwa wananitazama. Nilifikiria neno moto likitoka kinywani mwangu mbele yao. Nilifikiria pia wakifungua stoo kutafuta kuni, wakute ukuta mmoja na nyuma yake vijiti, na waulize nani amekula kuni za marehemu. Sijui kati ya hayo mawili lipi lilinifunga mdomo zaidi, na nimejiuliza mara nyingi. Nilisema hapana.

Basi wakampa kilicho kikubwa kuliko vyote walivyokuwa navyo. Masunga alisema Lati hana mji wake, yaani boma la ukoo, kwa hiyo atazikwa katika mji wa Masunga, ndani ya zizi, kama walivyozikwa wazee wenye mifugo zamani, si kwa sanduku bali kwa ngozi. Hata siku hizo jambo hilo lilikuwa limeshakuwa nadra, na watu walinong'ona kwamba Masunga anampa mgeni heshima ambayo hakumpa kaka yake. Mtu huvikwa ngozi ya mnyama wake mwenyewe. Hawakuhitaji kuchagua, kwani Moti alikuwa bado amesimama uani, siku ya pili sasa, haendi malishoni. Alichinjwa alfajiri. Mzee Ratilal, ambaye hakuwahi kula hata yai, alifungwa katika ngozi mbichi ya maksai aliyemlisha kwa mkono, akateremshwa chini ya ng'ombe. Kuni za mgunga na mkwaju zilitolewa stoo, maana watu walikuwa wengi, na nyama ya Moti ikapikwa kwa kuni zile mpaka zikaisha. Hakuna aliyeshangaa kwamba nyuma ya ukuta ule palikuwa na vijiti tu. Nilipewa bakuli, kipande cha nundu, kwa kuwa nilikuwa mtu wa nyumba ya marehemu. Nilikula. Ilikuwa nyama ngumu ya mnyama mzee, na nilikula yote.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo Hansa alipomaliza kunawa mikono. Nilimweleza kuni nilivyozimaliza. Nilimweleza wazee walivyoniuliza na nilivyojibu, na kwamba baba yake mkubwa yuko ardhini, katika zizi, nyumba ya tatu kutoka pale. Juu ya ngozi sikusema, wala juu ya nyama. Nilijiambia nitafika huko. Alisikiliza akiwa ameweka fimbo mapajani, na nilipomaliza sikuona hasira niliyokuwa nimejiandaa kuipokea.

“Nilikuwa nimekaa karibu na ile simu,” akasema. “Mikono yangu yote ina hina, imeinuliwa hivi, hina ingali mbichi.”

Ilikuwa wiki ya harusi yake. Kwa desturi yao msiba wa ndugu wa karibu hutia familia nzima unajisi, na harusi husimama mpaka siku za kutakasika zipite. Wageni walikuwa wameshafika kutoka Kampala na Nairobi. Baba yake aliweka simu chini, akasema ni mteja wa Bariadi, akaagiza isipokelewe tena. Baada ya harusi aliwaambia watu kwamba Ratilal alifariki na marafiki zake wakamchoma vizuri, kwa kuni zake mwenyewe. Ukweli kwamba habari ilikuja kabla ya harusi alimwambia binti yake akiwa kitandani mwa hospitali, mwaka juzi. Hansa alikuwa ameolewa miaka zaidi ya arobaini juu ya mwili ule, ndivyo alivyosema, na mume mwenyewe alishakufa. Sasa anaishi peke yake katika chumba na jiko katika mji wa mvua. Mwanawe huja Jumapili. Kuna binti anayetumwa kumpikia, naye ametoka nchi nyingine ya baridi. Hufuata maelezo ya Hansa neno kwa neno, na chakula hakina ladha. “Namwambia samli zaidi,” akasema, “anaogopa moyo wangu.” Nilimuuliza kama amemwambia binti huyo anataka afanyiwe nini akifa. Akasema la, hawajazoeana kiasi hicho.

Jioni nilimpeleka. Masunga alishafariki, mji ni wa mwanawe, na viwanja vya watumishi wa mkoa vimekuja mpaka kwenye ua wake, lakini zizi lipo. Ng'ombe walikuwa wamerudi. Hakuna alama pale, ila mahali pale ninapajua, na juu yake alikuwa amelala jike mwekundu na ndama wake, wanacheua. Hansa alishika mlango wa zizi akasimama kwa muda mrefu. Nilimtazama uso ukibadilika, na nikatambua anachokiona si kile nilichokiona mimi siku ile. Aliona mtu aliyewaheshimu ng'ombe maisha yake yote amelala kati yao, nao wamemlalia kwa amani. Alivua viatu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hata Mwanza wasingempa mahali kama hapa. Nilitaka kufungua mdomo na sikufungua.

Alfajiri niliamka nikasikia chuma cha chapati. Alikuwa jikoni kwangu, fimbo imeegemezwa ukutani, unga mpaka viwikoni. Chapati ya kwanza aliifunga katika kitambaa, tukatoka nayo kabla watu hawajaamka vizuri. Mwana wa Masunga alitufungulia. Hansa aliniuliza ampe yupi. Nikamwonyesha yule jike mwekundu, nikamwambia ukoo wake unatokana na jike wa baba yake mkubwa, jambo ambalo ni kweli. Jike alinusa, akala, akalamba kiganja cha Hansa, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

“Katika barua alimtaja Moti kila mara,” akasema. “Baba alitusomea tukacheka. Mzee wa watu anaandika habari za maksai.” Akajifuta mkono kwenye nguo, hakuniangalia. “Yule Moti alikufaje?”

Mara ya kwanza nilipoulizwa juu ya nyumba ile niliogopa, nikadanganya, na mtu mmoja akalipia. Safari hii sikuogopa chochote.

“Kwa uzee,” nikamwambia.